Sauti ya Paskalina na Diski Iliyotawanyika

Jumatatu, 6 Juni 2005. Katesh.

Imekata tena. Beti la pili, pale pale. Paskalina anaimba, namsikia kwa masikio yangu hapa sebuleni, sauti imenyooka. Nikirudisha kusikiliza, kompyuta inanipa vipande. Inashika neno, inaliacha, inaruka mbele. Kama mtu mwenye kwikwi.

Nimebadilisha waya. Nimebadilisha maikrofoni. Nimezima redio na taa zote. Inakata vile vile. Ovyo kabisa.

Sauti nne za kwaya zimo tayari. Soprano, alto, tenor, besi. Nilizirekodi mwezi wa nne, watu wakiwa bado na nafasi. Imebaki sauti ya kuongoza tu, ya mke wangu. Sasa kwaya nzima ya Mogitu iko kwenye mavuno. Nikiwaita hawaji, na wana haki.

Alhamisi ya wiki ijayo tunasafiri kwenda hospitali ya rufaa. Ijumaa wanamtoa goita, ule uvimbe wa shingoni. Daktari alisema bila kuficha: mshipa wa sauti unapita nyuma ya uvimbe ule ule. Wengi wanatoka salama. Wengine sauti inabadilika. Wachache hairudi.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumanne, 7 Juni

Tumegombana. Nilimwambia anameza maneno. Akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu, akaenda kuchambua maharage. Nilijua nimekosea kabla hajafika mlangoni.

Baadaye akasema si nina mkanda, nilimrekodi kwenye redio kaseti mwezi uliopita, unatosha. Hautoshi. Unavuma kama mzinga wa nyuki. Na humo ndani yuko peke yake, kama mtu aliyeachwa na basi. Mimi namtaka akiwa mbele ya kwaya, pale aliposimama tangu tulipokuwa vijana kigangoni Mogitu. Wimbo wa mavuno niliutunga kwa sauti yake. Sijui kuutunga kwa sauti nyingine.

Akaenda jikoni. Amesonga ugali mgumu makusudi.

Alhamisi, 9 Juni

Baba amefika kutoka Bashay. Mzee wangu ana fimbo mpya na kofia ile ile. Amekuja kumwona mkwe wake kabla ya upasuaji, kisha kesho anashuka Getanuwas kumwangalia ng'ombe wake aliye kwa rafiki yake Gidamowsa. Paskalina alimwamkia shikamoo, mzee akaishika mikono yake miwili akakaa nayo. Hakusema pole. Alisema umenenepa. Paskalina akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka wiki hii.

Mtu akiingia zizini kwa Baba pale Bashay atamwona maskini. Ng'ombe wawili tu. Wengine wako kwa watu. Mmoja Getanuwas, mwingine hapo Mogitu, wengine hata mimi sijui. Anayemfuga anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ugonjwa ukipiga Bashay, wa Getanuwas wanabaki. Ukame ukipiga Getanuwas, wa Mogitu wanabaki. Nimekulia humo. Mwenye akili haweki mali yake yote zizi moja.

Na kompyuta nimeifanyia vivyo hivyo. Namwonyesha mzee, kwa majivuno kidogo. Kila wimbo nimeuhifadhi mara nyingi. Nimefungua folda nikaziita Bashay, Mogitu, Getanuwas, halafu Akiba, halafu Akiba ya Pili. Paskalina akimaliza kuimba, hata akikosea, natia nakala kila mahali. Wimbo mmoja ukifa, ndugu zake wapo. Akiba haiozi.

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Na hapo Getanuwas ya kwako," akauliza, "nani anakamua?"

Sikuona cha kuchekesha.

Ijumaa, 10 Juni

Sasa naona.

Nimeifunga kompyuta kwenye kanga ya Paskalina, nimeikokota kwa baiskeli hadi kwa Madam Josefina, yule binti anayefundisha darasa la kompyuta karibu na soko. Aliniamkia shikamoo Mwalimu wa kwaya, nikaitika marahaba, nikamweleza. Nilitegemea aseme imeingiwa na kirusi. Hakusema kirusi. Aliichomoa diski yangu, akaiunganisha kwenye mashine yake, akaangalia. Kisha akauliza, kwa adabu sana, nani alinifundisha kuhifadhi hivi.

Nikamweleza habari za ng'ombe. Binti wa watu alijitahidi asicheke. Alishindwa.

Alivyonieleza, naandika nisije nikasahau. Diski ni kama ubao mkubwa wenye vyumba vidogo vidogo visivyohesabika. Faili dogo linaingia chumba kimoja, yamekwisha. Wimbo ni mkubwa, unataka vyumba vingi, na unapenda vifuatane. Siku za kwanza vinafuatana. Lakini mimi naweka, nafuta, naweka tena. Nikifuta, panabaki pengo. Wimbo mpya ukija, kompyuta haitafuti mahali pa kuukalisha mzima. Inausukumia kwenye mapengo. Kipande huku, kipande kule, mkia wake mwisho wa diski. Ina orodha yake ya kujua kila kipande kiko wapi. Hakipotei kitu. Ila ndani ya diski kuna mkono mdogo wa kusoma, na mkono ni mmoja. Ukitaka kusikia wimbo, mkono unakimbia huku, unakimbia kule, unaokoteza. Kwa barua ya kawaida hutagundua, utaona tu mashine imekuwa nzito. Kwa sauti nne zinazopigwa pamoja, na ya tano inaingia wakati huo huo, mkono hauwahi. Hapo ndipo inakata.

Kumbe si Paskalina. Kumbe si maikrofoni. Ni mimi na Akiba ya Pili.

Kisha akasema neno lililonichoma. Alisema, "Mwalimu, Bashay yako na Getanuwas yako ziko kwenye diski moja. Hili ni zizi moja. Likiungua, wameungua wote."

Nilikaa kwenye benchi lake la wanafunzi kama mwanafunzi.

Ametengeneza CD mbili za nyimbo zote zinazofaa. Dawa ya diski yenyewe, anasema, ni kufanya difragi. Programu iko humo humo ndani, hainunuliwi. Start, Programs, Accessories, System Tools. Inachukua vile vipande, inavipanga upya vifuatane. Lakini inahitaji nafasi ya kugeuzia, na diski yangu imejaa hadi shingoni. Kwanza nifute nakala. Yeye ana darasa, kazi yenyewe ni ya kusubiri tu, nikaifanye nyumbani.

Niliirudisha nyumbani nikiisukuma mlimani. Paskalina alikuwa uani. Nilimwambia hukumeza maneno. Akasema najua.

Jumamosi, 11 Juni

Nimefuta asubuhi nzima. Ni kazi mbaya. Kila nakala ina sauti yake. Nasikiliza kidogo kabla ya kubonyeza. Nyingine anaimba vizuri halafu jogoo anawika. Nyingine anakosea beti na kunisema kwa Kiiraqw, maneno ambayo hayafai kanisani. Nimefuta Mogitu. Nimefuta Getanuwas. Kwenye Bashay mkono ulikataa, nikatoka nje nikarudi. Ninazo CD. Najua ninazo. Mwili haujui.

Ile ya kunisema kwa Kiiraqw sijaifuta. Moja haijazi diski.

Halafu nikashangaa nafasi haijaongezeka hata kidogo. Nilikuwa nimesahau pipa la taka. Ukifuta, kompyuta inatupa kwenye pipa lake, na mpaka pipa limwagwe vitu vinaendelea kukaa palepale. Nimelimwaga. Nafasi ikatokea tele.

Haraka yangu sasa. Nikaona nafasi ipo, difragi ya nini? Nikamwita Paskalina, akaimba. Ikakata vibaya kuliko Jumatatu. Bila shaka! Nimetoboa mapengo mapya kila kona, na wimbo mpya umeenda kujazwa humo humo. Josefina alinieleza jambo hilo hilo jana, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Paskalina alishika shingo. Akiimba sana panamkaza. Alisema, tena bila hasira, anaweza kuimba mara chache tu zilizobaki, nisizichezee.

Sijisikii vizuri.

Jumapili, 12 Juni

Misa Mogitu. Wamemwombea. Aliongoza zaburi yote. Wamama walimzunguka nje. Nilisimama kando na baiskeli, nikijifanya nakagua breki.

Mchana nikaanza difragi. Kwanza ukaguzi wa diski, kama alivyoagiza, kuona kama haina majeraha. Haina. Kisha nikabonyeza, nikachagua ionyeshe inavyofanya. Kioo kikajaa vijumba vya rangi, safu kwa safu, na vikaanza kuhama. Kimoja kimoja. Kinachotoka kule chini kinaonekana huku juu. Nilivuta kiti. Ni kitu kizuri kuangalia, sikutegemea.

Nikaenda kunywa chai. Kurudi, imeanza upya. Mwanzo kabisa. Nikadhani nimeota. Nikakaa nikaisubiri, ikaenda vizuri, nikatoka tena kidogo. Kurudi, imeanza upya.

Mara ya tatu nilitukana. Paskalina akasema leo ni Jumapili.

Jumatatu, 13 Juni

Asubuhi mbio kwa Josefina. Swali lake la kwanza: ile picha ya mabomba inayojichora yenyewe kwenye kioo ukiiacha mashine, umeizima?

Sikuizima.

Basi ndiyo hiyo. Kitu chochote kinachogusa diski wakati inapangwa, hesabu inaharibika, inaanza tena. Funga programu zote. Zima picha ya mabomba. Usiandike barua pembeni. Usiguse. Mtu anayepanga magunia ghalani humpitii katikati na magunia mengine.

Nimezima kila kitu. Ikaanza kwenda, ikafika kama theluthi bila kurudi nyuma. Moyo ukatulia. Halafu Hhando, fundi wa kuchomelea hapo jirani, akawasha mashine yake. Taa zikapepesa. Kompyuta ikazimika pale pale, pu.

Nilibaki nimesimama. Kwa muda sikuweza kuigusa. Nilifikiri, nimemuua. Si kompyuta. Yeye.

Nikawasha. Ikaleta kioo cha bluu, ikajikagua yenyewe, polepole, nikihesabu mapigo ya moyo. Ikafunguka. Nyimbo zipo. Sauti nne zipo. Paskalina alikuwa mlangoni muda wote, na mimi sikumwona. Aliniambia, "Baba Neema, mimi bado sijafa." Kisha akaenda kumfuata Hhando, yeye mwenyewe, na shingo yake ile. Sijui alimwambia nini. Hhando alikuja akiwa ameshika kofia. Kesho hachomelei mpaka nimwambie nimemaliza. Ana geti la watu linalongojewa. Nimemshukuru vibaya, kwa maneno machache.

Jumanne, 14 Juni

Imekamilika!

Baba amerudi kutoka Getanuwas, ameridhika, ng'ombe wake ana ndama jike. Alinikuta nimekaa mbele ya kioo sifanyi kitu, akauliza kama ninaumwa. Nikamwekea kiti. Nikamweleza vile vijumba ni vipande vya sauti ya mkwe wake na za wenzake, vilikuwa vimezagaa, sasa vinarudishwa pamoja.

Alitazama muda mrefu. Vikihama anavionyesha kwa fimbo. "Huyo amefika. Huyo bado yuko njiani." Baadaye akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Mwaka alipoitwa kutoa mahari ya kaka yangu, ng'ombe wote alikuwa nao, hakuna hata mmoja aliyepotea. Lakini kuwakusanya, leo Getanuwas, kesho kutwa kwingine, huku wakwe wamekaa wanasubiri. Aliaibika. Mali ilikuwepo, ila haikuwepo pale ilipohitajika. Anasema tangu hapo kukiwa na shughuli anawahi kuwaleta karibu, shughuli ikiisha anawatawanya tena. Kutawanya si kosa, kukusanya si kosa. Ni kujua lini.

Nikamuuliza mbona hakuniambia hivyo siku ile nilipomwonyesha folda zangu. Akasema nilikuwa nafundisha, si vizuri kumkatisha mwalimu.

Hhando alikaa kwenye kibaraza chetu mchana kutwa, eti anapumzika. Kila mtu akipita na chuma cha kuchomelea anamfukuza. Paskalina alimpelekea uji.

Jua likiwa linaelekea nyuma ya mlima vijumba vikaacha kuhama. Kioo kikauliza kama nataka kufunga. Nikapiga zile sauti nne pamoja, bila kiongozi. Zikatiririka. Hazikukwama popote. Sikuwa nimesikia kwaya yangu ikipumua hivyo tangu mwezi wa nne. Hhando akapiga kofi moja kubwa.

CD moja nimempa Baba aende nayo Bashay. Ameifunga kwenye kitambaa, ameitia mfuko wa ndani wa koti. Nyingine iko kwa padri Mogitu. Paskalina ametuangalia wote wawili. "Sasa hii ndiyo akiba," akasema, na akaniambia niandike hivyo, maana anajua naandika.

Jumatano, 15 Juni

Amerekodi. Asubuhi, kabla ya Hhando kuwasha.

Alikunywa maji ya moto na asali. Alifunga kanga yake mpya, kana kwamba kuna watu. Nilimwambia tutajaribu kidogo kwanza, akasema hakuna kujaribu. Akavaa hedifoni, akafumba macho, akasikia wenzake wakianza, akaingia.

Mara moja tu. Mwanzo mpaka mwisho. Kwenye beti la pili, pale pale pa kukatia, nilishika meza. Ikapita. Na mwishoni, pale kwaya inapokaa kwenye noti moja na yeye anapanda peke yake, alipanda, akakaa juu huko, akashuka kwa wakati wake.

Nimerudisha. Imo yote.

Nililia mbele yake. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Alinipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Akasema twende tukafunge mizigo.

Ijumaa, 17 Juni. Hospitali.

Wamemwingiza. Kabla ya kwenda nilitaka kumwambia kitu kikubwa. Nikamuuliza kama amechukua soksi. Akasema amechukua.

Nimekaa kwenye korido. Dada yake yuko na mimi, anasali. Mimi sisali. Naimba besi kimoyomoyo, sehemu yangu tu, naacha nafasi yake wazi.

Baadaye. Ametoka. Yu hai. Shingo imefungwa. Uvimbe wote umetoka, haukuwa mbaya. Asante Mungu, asante, asante.

Jumapili, 19 Juni

Hana sauti. Anafungua mdomo, inatoka hewa. Daktari anasema uvimbe ulikuwa umeushika mshipa, ilibidi wauachanishe taratibu. Mshipa ni mzima ila umechoka. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Nikauliza kama itarudi kama ilivyokuwa. Akasema tumpe muda. Ni jibu la mtu mwema, na nimelichukia.

Paskalina ameomba karatasi kwa ishara. Ameandika: Kuku wamekula?

Jumamosi, 2 Julai. Katesh.

Tuko nyumbani. Anakula. Ametembea mpaka sokoni na kurudi. Anaongea kwa kunong'ona, na kwa sababu yeye ananong'ona wote tunanong'ona. Hhando amekuja kusalimia akanong'ona dakika nzima ndipo akakumbuka yeye haumwi. Tukacheka wote. Paskalina alicheka bila sauti, mabega tu.

Kompyuta nimeifunika kitambaa. Sijaigusa. Nyumba ni kimya kuliko ninavyoweza kuvumilia.

Alhamisi, 14 Julai

Leo ameifunua mwenyewe. Akaniashiria niwashe. Niliogopa kumwekea. Nikawasha.

Alisikiliza akiwa amesimama, mikono kiunoni, kama anayesikiliza ugomvi wa jirani. Beti la pili likapita. Akipanda kule mwisho, akainamisha kichwa. Nikataka kuzima, akanizuia mkono.

Ilipoisha alinong'ona, "Huyo mama anajidai." Kisha akafuta macho kwa upande wa kanga, akaenda kumwaga maji ya kunawia. Sikumfuata. Kuna machozi mengine ni ya mtu mwenyewe.

Nikapiga ile ya kunisema kwa Kiiraqw. Kutoka uani nikasikia kitu. Kifupi, kimekwaruza. Alikuwa amecheka, na sauti ilitoka.

Jumapili, 31 Julai

Misa, chakula, jua la baridi. Hhando hachomelei leo. Baba ametuma salamu kwamba CD ipo, ameiweka darini, mbali na panya, na kwamba wageni wakija anawaonyesha ingawa hana cha kuipigia.

Kanda za wimbo wa mavuno zimetoka. Watu wa kwaya wamerudi kutoka mashambani wakazichukua, na Josefina amechukua yake. Pale Mogitu wanaupiga mpaka kwenye duka la mbolea. Nimefurahi. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Asubuhi nilikuwa hapa mezani napanga kuifanyia diski difragi ya mwezi, kama nilivyoagizwa. Paskalina alikuwa uani anamwaga mtama wa kuku. Akawafokea, wakatawanyika. Kisha akaanza kuimba, kwa chini, bila kujua au akijua. Wimbo wa mavuno. Sauti imekauka pembeni, ina changarawe. Alipofika pale pa kupanda hakufika. Alisimama. Akarudi mwanzo, akaanza tena akitokea chini zaidi. Pale akafika.

Sikuwasha kompyuta. Nilichukua karatasi ya wimbo, ile ya kwanza kabisa, imekunjika pembe zote. Juu kushoto pameandikwa Do ni G, kimo cha sauti cha kuanzia, tangu siku nilipoutunga. Nimefuta G. Nimeandika E, chini zaidi, pale alipoanzia leo.

Jumatano kuna mazoezi Mogitu. Nitawaambia tumeshuka wote.